Msukuma wa Jukwaani Hana Mama

Siku nyingine akipanda jukwaani, mtazame vizuri. Koti limemzidi mabega, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu, mkononi fimbo ya kuchungia. Anaisalimia lifti. Anauliza ghorofa lile ni ng'ombe wangapi. Anapewa simu ya kupangusa, anaishika kama kipande cha muhogo wa moto. Ukumbi hoi. Sasa muulize maswali mepesi tu. Katoka wapi? Usukumani. Usukumani ipi, maana kutoka Magu mpaka Meatu ni safari? Hajui. Mama yake anaitwa nani? Alipokuwa na miaka saba alikuwa akilala na nani? Nani alimfundisha kuogopa giza? Kimya. Msukuma wa jukwaani hana mama. Hakuzaliwa, alishushwa tu na basi, zamani pale Ubungo, siku hizi Stendi ya Magufuli kule Mbezi, akiwa tayari na miaka thelathini na ushee, fimbo mkononi, mjinga kamili.

Mimi nimekulia Zagayu, Bariadi, enzi hizo tukiwa mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilizaliwa mwaka 2012, sisi tulishaota ndevu). Kazi yangu ni uandishi wa habari, na kazi hiyo imenikalisha kwenye kumbi nyingi za vichekesho, nyingine kwa mwaliko, nyingine kwa hela yangu mwenyewe. Nimecheka sana, nisidanganye. Lakini kuna jambo limenikaa kooni miaka yote hiyo na leo nalitema: wachekeshaji wetu wanatusimulia utoto wa kila mtu isipokuwa wa kwao. Hatujapata bado mtu wa kusimama saa nzima, peke yake, bila koti la kuazima, akatuambia kwa Kiswahili yeye alikuwa mtoto wa nani, nyumbani kwao kulikuwaje, na ni nini kilichomfanya ajifunze kuchekesha. Nasema hilo ndilo pengo kubwa la jukwaa letu, na nasema tumeliacha kwa woga, wala si kwa kukosa vipaji.

Mshamba aliyepotea mjini ni mzee kuliko sisi sote. Wanaoijua historia ya maonyesho yetu wanajua kwamba vichekesho, kwa maana ile ya vipande vifupi vya kuigiza, vilianza enzi za mkoloni, na tangu siku hizo mmoja wa watu wake wa kudumu ni huyu asiyejua mambo ya mjini. Akapita kwenye Pwagu na Pwaguzi za Radio Tanzania. Akapita kwenye kumbi za miaka ya 1980 na 1990, Muungano na TOT zilipokuwa zikijaza watu Dar es Salaam kwa ngoma, taarabu, sarakasi na vichekesho usiku mmoja. Mzee Small na King Majuto, Mungu awarehemu, walimgeuza geuza kwa ufundi wao. Kisha ikaja Ze Comedy pale EATV, na nchi nzima ikajifunza majina mapya. Mmoja wa vijana wale, Emmanuel Mgaya, akatupa Masanja. Masanja, bwana! Jina hilo kwetu unaweza kuliita kwenye gulio wakageuka watu kumi. Sikasiriki. Alikuwa anachekesha. Ninachosema ni kwamba tulipewa jina la mtu wa kwetu, ila maisha ya mtu wa kwetu hatukupewa, wala hayo ya Mgaya mwenyewe hatukupewa.

Hapo ndipo utamu wa kujificha ulipo. Ukivaa mtu, hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Halafu stendapu ikaja, na tukaambiwa sasa mambo yamebadilika: hakuna koti, hakuna mkorogo wa masizi usoni, ni mtu na maiki yake. Majukwaa kama Cheka Tu yamefanya kazi ambayo wizara haikuifanya. Yamewapa vijana ajira na yamewazoesha watu kulipa kiingilio kumsikiliza mtu akiongea. Nawavulia kofia. Lakini tazama kinachotokea ndani ya zile dakika saba, kumi ukibahatika. "Mimi ni Mhaya, sisi Wahaya bwana..." "Mchaga akiona hela..." "Kuna Msukuma mmoja..." Kofia imebadilika, kichwa ni kilekile. Majirani zetu Kenya walitutangulia kwenye barabara hiyo: Churchill Show ilikuza kizazi kizima cha wachekeshaji, wengi wao wakali kweli, na sehemu kubwa ya unga wao ilikuwa Mkikuyu na pesa, Mluhya na ugali, Mjaluo na majivuno. Ukitoa kabila kwenye nusu ya vichekesho vile, unabaki na "habari za jioni".

Si kwamba hawajaribu kuongelea utoto. Wanaongelea sana! Ila utoto wenyewe ni ule wa jumla, wa "wangapi hapa walilelewa uswahilini, piga kelele". Kandambili za rangi mbili. Soda ya Krismasi. Mgeni akija unafukuzwa sebuleni. Na fimbo. Jamani, fimbo! Sijawahi kutoka kwenye ukumbi wa vichekesho nchi hii bila kusikia habari ya fimbo. Mwalimu wa zamu langoni, mama na mwiko, baba na mkanda, na ile ya "nenda kachume fimbo mwenyewe, na uniletee nyembamba uone." Ukumbi mzima unaitikia "kweliii!" Na mwisho wake ni uleule, kama dua ya kufungia kikao: tulipigwa, na ndiyo maana tumekuwa watu.

Hebu tusimame hapo kidogo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Vinne! Shule niliyosoma mimi, ambayo siitaji, vinne vilikuwa salamu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya wasichana na karibu robo tatu ya wavulana wamekutana na ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Na Agosti 2018, Bukoba, mtoto wa miaka 13 alifariki baada ya kuchapwa shuleni, nchi nzima ikasikia. Kwa hiyo mchekeshaji anaposema "wangapi walichapwa", anauliza swali zito kuliko anavyojua. Nusu ya ukumbi inacheka kwa sababu bado haijapata namna nyingine ya kulijibu.

Siwaambii waache kuchekesha kwa fimbo. Nawaambia wachekeshe kwa ukweli wake. Mwenye kutaka kuona namna ya kufanya amtafute Richard Pryor kwenye filamu yake ya mwaka 1979, Live in Concert. Huyu ni mtu aliyezaliwa mwaka 1940 Peoria, jimbo la Illinois, akalelewa na bibi yake aliyekuwa akiendesha danguro. Humo ndani kuna kipande cha bibi kumtuma akachume fimbo ya kuchapwa yeye mwenyewe. Ndiyo, ileile yetu! Kumbe haikuwa ya Uswahilini peke yake. Lakini tazama anachofanya. Haanzi kwa kuuliza "wangapi hapa". Anakuwa mtoto. Anatembea kuelekea kwenye mti kwa miguu ya mtoto, anarudi na fimbo inayokata upepo, na kabla hajafika mlangoni ameshaanza kulia kwa ule mlio tu. Unacheka mpaka unashika tumbo, na wakati huohuo uko ndani ya mwili wa mtoto wa miaka saba anayebeba fimbo yake mwenyewe. Bibi naye hageuzwi shetani. Unamwona, unampenda, unamwogopa. Mchekeshaji wetu akifika kwenye fimbo hiyohiyo anahama upande. Anaanza akiwa mtoto, anamaliza akiwa mwalimu wa zamu, anamcheka yule mtoto kwa namna alivyokuwa akirukaruka. Tofauti ni hiyo tu, na ni kubwa kama ziwa.

Kuna Mkenya mmoja anaitwa Njambi McGrath. Anaishi Uingereza, anachekesha kwa Kiingereza, na wasomaji wengi wa huku hawamjui, jambo linalonisikitisha. Yeye alitengeneza onyesho la mtu mmoja kuhusu baba yake, akaliita 1 Last Dance with My Father, akalipeleka Edinburgh kwenye tamasha lao kubwa la sanaa. Baadaye yakatoka maisha yake kwa kitabu, Through the Leopard's Gaze. Kiini chake ni usiku mmoja: binti wa miaka 13, kapigwa na baba yake mzazi mpaka kuachwa akidhaniwa kafa, anaamka na kutoroka kwa miguu gizani, mashambani Kenya. Miaka inapita, ana mume na watoto London, simu inaita: njoo kwenye harusi ya kaka yako, na baba atakuwepo.

Sasa niambie, hicho ni kichekesho? Na bado mwanamke huyu anasimama mbele ya watu waliolipa, na wanacheka. Hawacheki kipigo. Wanacheka kila kilichokizunguka: ujinga wa watu wazima, akili za mtoto anayejaribu kuelewa mambo yasiyoeleweka, mbwembwe za Waingereza. Na kwa kuwa amepewa saa nzima, haishii kwa baba mbaya. Anamfuata baba nyuma, na nyuma zaidi, mpaka kwenye miaka ya hali ya hatari, 1952 hadi 1960, Waingereza walipowazungushia Wakikuyu seng'enge vijijini na kuwafungia kambini. Wazazi wake walikuwa watoto humo. Ghafla ile fimbo ina ukoo. Haikuanza kwa baba. Huwezi kufika huko kwa dakika saba, ndugu yangu. Kwa dakika saba unafika kwenye "baba yangu alikuwa mkali" na muda umeisha, anaitwa mwingine.

Trevor Noah yeye wengi mnamjua, na Born a Crime ya mwaka 2016 wengi wetu tumeisoma kwa PDF ya kutumiana WhatsApp, tusijifanye watakatifu. Kitabu kile kimetoka kwenye kazi ya miaka ya jukwaani, ya mtu kujisimulia. Kuzaliwa kwake Johannesburg mwaka 1984, mama mweusi na baba mzungu, kulikuwa ushahidi wa kosa chini ya sheria ambayo mzizi wake ni wa mwaka 1927. Ametuchekesha kwa hilo kote duniani. Na mtu unayetoka naye kitabuni ni mama yake, Patricia, mwenye imani yake, ubishi wake, makanisa matatu kila Jumapili. Umeona? Ana mama.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa mara nyingi, mengine kwa sauti ya juu.

La kwanza: "Wewe umekasirika kwa sababu ni Msukuma. Huo ni utani tu." Sawa, tuongee utani, ila tuuongee kama watu wanaoujua. Utani wa makabila yetu una masharti. Mnyamwezi anamtania Mzaramo, na Mzaramo anamrudishia hapohapo, ana kwa ana, bila kiingilio. Na mtani huyohuyo aliyekutukana jana, msibani kwako ndiye anayefika, anafanya kazi za msiba, anawachekesha wafiwa pale penye jeneza. Utani ni deni la pande mbili. Mtu aliyelipa kiti Masaki kumcheka mchunga ng'ombe wa Itilima ana deni gani naye? Atakuja kumzika? Kwetu hata mashindano ya kuchekana yana haki yake. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanza karne ya 19, wanacheza siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja, wakitupiana nyimbo za kejeli, na watazamaji wanahama kutoka duara moja kwenda jingine. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Kila anayechekwa ana ngoma yake ya kujibia. Msukuma wa jukwaani Dar hana duara la pili.

Na hebu tukumbuke siku ile aliyechekwa alipokuwa na la kujibia. Mei 2020 Idris Sultan alikamatwa baada ya kujirekodi akiangua kicheko kwa picha ya zamani ya Rais Magufuli, kijana ndani ya suti iliyompwaya. Kukamatwa kule kulikuwa aibu kwa nchi, nililisema wakati ule na ninalirudia. Lakini tazama kichekesho chenyewe: kijana wa kanda ya ziwa ndani ya suti pana. Ni yuleyule! Koti lilelile! Miaka yote alikuwa wa bure kabisa, mpaka siku moja akawa na dola mkononi. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walishasema. Na walioogopa kumcheka mwenye ving'ora walirudi kwa raha zao kumcheka mwenye fimbo.

Jibu la pili huwa la wenye biashara: watu wanalipa kucheka, hawalipi kulia. Hili ni zito kidogo, maana mwenye kukodi ukumbi ana bili halisi za kulipa na mimi sina. Lakini ni nani aliyesema vitu hivyo viwili vinakaa nyumba tofauti? Watanzania hawahawa wanaangua kicheko msibani. Hawahawa waliangalia King Majuto akicheza baba mkorofi na wakatoka wakisema "aisee, mzee wangu kabisa huyu". Alipofariki Agosti 8, 2018, watu walilia kwa kumlilia ndugu. Tatizo halijawahi kuwa mtazamaji. Ratiba ndiyo imetuzoesha kwamba kicheko lazima kije kila sekunde ishirini, la sivyo diji anakupigia muziki ushuke.

Jibu la tatu, hili la wasomi, ndilo linalonikera kuliko yote: eti kujisimulia mbele za watu ni mambo ya Wazungu, sisi siri ya nyumbani hatuitoi nje. Wee! Ebrahim Hussein alituandikia Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zikachapishwa mwaka 1976, tamthilia za msimuliaji mmoja, mtu mmoja anayebeba jukwaa zima kwa ulimi wake kama mtambaji wa ngano. Karibu miaka hamsini iliyopita! Tumezifanya maswali ya mtihani, tukasahau kwamba ziliandikwa zitendwe. Na mwimbaji wa ngoma ya kwetu akisimama katikati ya duara anajitaja jina, anataja kijiji chake, anataja aliyemroga na anayemdai. Hicho ni nini kama si kujisimulia?

Ila nakubali jambo moja, kwamba fasihi yetu ya Kiswahili ina aibu fulani na utoto. Katika Maisha Yangu, Shaaban Robert anazungumza na watoto wake, anawaachia tenzi na wasia, kuliko anavyotuonyesha yeye akiwa mtoto. Tawasifu kwetu ni ya mtu mzima aliyenyooka. Mtoto mchafu, mwongo, mwoga, anayekojoa kitandani, hana ukurasa. Labda ndiyo maana hana jukwaa pia. Mficha uchi hazai, na sisi tumeuficha huo vizuri kweli.

Basi nisiwe mtu wa kulalamika tu. Acha nimwambie mchekeshaji yeyote aliyetoka kwetu ni mali gani ameiacha nyumbani akaenda kukodi koti.

Ana pamba. Simiyu ndiyo pamba yenyewe, na hakuna kichekesho kitamu kama siku ya mizani. Mnunuzi anajua mizani yake inapunja. Mkulima anajua kwamba mnunuzi anajua. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mauzo, kuna mtoto fulani anatumwa na ndoo ya maji na kopo la mchanga kwenda "kuisalimia" pamba. Asubuhi wote wawili wanatazamana kwa heshima kubwa, wezi wawili wenye adabu, na katikati amesimama mtoto wa miaka tisa anayejua siri ya pande zote na ameambiwa akifungua mdomo atakiona. Nani mwingine ana mkasa kama huo? Unauchezea dakika ishirini, sauti tatu, na mwisho wake umeeleza bei ya pamba kuliko kurasa zangu zote za biashara nilizowahi kuandika.

Ana ndege. Mtama ukianza kuiva, kweleakwelea wanakuja kama wingu, na shule inakosa watoto kwa sababu watoto wako juu ya vichuguu wanapiga madebe toka jua linachomoza. Ana tembo wanaotoka hifadhini usiku na kuingia mashambani, na baba mwenye sauti nene kuliko wote kijijini anayegundua usiku huo kwamba sauti si kitu. Ana michembe mfukoni, na mwalimu mgeni kutoka mbali anayedhani ni vipande vya mbao. Ana Kiswahili alichokutana nacho darasa la kwanza kama mtu anayekutana na askari, huku akili nzima ikiwa kwa Kisukuma. Lafudhi ile mnayoiiga kwa kuvutavuta maneno, yeye anajua siku aliyoanza kuionea haya. Hilo peke yake ni onyesho.

Na ana bibi. Hapa sitanii. Bibi yangu mzaa baba alipika miaka yote kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kikavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya bibi wote wa rika lake. Kwenye filamu zetu na vichekesho vyetu, bibi mwenye macho mekundu ni mchawi. Akitokea tu mlangoni ukumbi unapiga kelele. Kule kwetu, kanda nzima ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza, macho hayo yamewagharimu vikongwe maisha yao kwa mapanga. Mimi nilikua nikijua kwamba jua likizama bibi haendi kisimani, haendi kwa jirani, na wajukuu wa kiume tunalala chumba chake. Tulidhani tunapewa heshima ya kulala kwa bibi kwa sababu ya hadithi. Alizijua nyingi kweli, na nyingi zilikuwa za matusi! Alikuwa mchekeshaji kuliko yeyote niliyemlipia kiingilio. Nimekuwa mtu mzima ndipo nimeelewa kwamba sisi watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na moja, tulikuwa walinzi.

Sasa mtu akiusimulia mkasa huo vizuri, kwa kicheko chake chote, na matusi ya bibi, na yule mdogo anayekoroma wakati wa lindo, halafu akautaja mlango na kitu kilichokuwa kikiuegemea usiku, sidhani kama ukumbi ule utampigia tena kelele bibi wa macho mekundu kwa namna ileile. Siahidi kwamba vichekesho vinaokoa mtu. Nasema kuna kicheko kinachomsogeza yule bibi karibu na panga, na kingine kinachomsogeza karibu na sisi, na mchekeshaji hawezi kusema hajui anauza kipi.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji ni dogo na lina gharama. Mtafuteni mmoja, mwenye umri wowote, kabila lolote. Mpeni miezi sita ya kuandika, mpeni na mtu wa kumsikiliza na kumkatia maneno, mtu wa tamthilia hasa, pale Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakosekani. Mpeni usiku mzima, jina lake peke yake kwenye bango, bila diji wa kumfukuza. Na kabla hamjalileta Masaki, onyesho hilo lianzie mikoani. Mlilete Bariadi, kwenye uwanja wa mikutano, turubai, spika mbili na jenereta. Huku hamtaweza kutumia yule wa fimbo na koti, kwa sababu atakuwa ameketi mstari wa mbele na wanawe, na atataka kujua huyo aliyeshika maiki ni mtoto wa nani.